Fielder iliyokata pumzi Kitonga: uchambuzi wa kisa cha presha ya mafuta

Gari ni Toyota Corolla Fielder, NZE121, injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, gia otomatiki. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara wa Iringa mjini. Hushuka Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, akapakia magunia nyuma, kisha akapanda nayo mlima wa Kitonga kurudi. Malalamiko yake aliyaeleza vizuri kuliko madereva wengi ninaowapokea:

"Fundi mwanangu, likiwa tupu halina neno. Nikipakia, nikifika katikati ya Kitonga linakata pumzi. Nakanyaga mafuta, ndiyo kwanza linalegea. Nikiachia kidogo linapata nafuu. Hapa mjini unaweza kuliendesha wiki nzima usijue kama linaumwa."

Hayo maneno "nikiachia kidogo linapata nafuu" yana uzito. Gari linalopata nafuu ukipunguza mguu lina kitu linachokipata kwa kiasi fulani tu, na wewe unadai zaidi ya kiasi hicho. Nikamuuliza kama linatetema au linapigapiga likilegea. Akasema hapana, linalegea taratibu, bila mtikisiko. Plagi au koili ikichoka, gari likipanda na mzigo humisi, na mtu huisikia hiyo misi mpaka kwenye kiti. Kulegea kimyakimya kwa silinda zote nne kwa pamoja kunaelekeza kwenye kitu ambacho silinda zote zinakitegemea: hewa, mafuta, au mlango wa moshi kuziba.

Alikuwa ameshazunguka. Fundi wa kwanza alisema plagi, zikabadilishwa zote nne. Wa pili akasema koili, ikabadilishwa moja. Sensa ya hewa ikapuliziwa dawa, na mwisho pampu ya mafuta ikatolewa ikawekwa mpya ya dukani. Ile ya zamani alikuwa nayo butini, imezungushiwa gazeti, maana ni mtu asiyeacha spea yake gerejini. Baada ya pampu mpya, akasema, gari likawa baya kidogo kuliko mwanzo. Hilo alilitaja mwishoni na kwa sauti ya chini, kama anayeona vibaya kulalamikia kitu kipya alichokilipia. Mimi nililiandika juu kabisa ya karatasi.

Ndugu yake aliyekuja naye alishikilia kwamba ni mafuta ya kuchakachua. Si wazo la kupuuza. Mafuta ya taa yalichanganywa kwenye petroli na dizeli nchini mpaka EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ikaanza utaratibu wa kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010. Ila petroli iliyotiwa mafuta ya taa hufanya injini igonge ikibanwa, na asubuhi gari huwaka kwa taabu. Hili asubuhi linaitika kwa stata moja, haligongi, na mama hajazi kituo kimoja. Wengine walimwambia ni urefu wa milima yetu. Ni kweli injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda juu, takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000, lakini hasara hiyo ingekuwa kubwa zaidi Iringa mjini, iliyo juu kuliko Kitonga, na mjini ndiko gari linakoendeka bila shida.

Taa ya injini ilikuwa imewaka. Kijimashine cha bei nafuu cha kuunganisha na simu hakikuweza kuzungumza na gari hili. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka hiyo hayafuati OBD2, ile lugha ya gari kuzungumza na mashine ya kupimia iliyolazimishwa Marekani tangu 1996, na watu wengi huambiwa kontroboksi (kompyuta ya injini) imekufa kumbe mashine tu haiijui lugha. Kwa mashine inayoijua Toyota tukapata msimbo P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa inayoingia.

P0171 ni msimbo unaoudhi kwa sababu haukwambii ni hewa imezidi au mafuta yamepungua. Kinachotenganisha ni marekebisho ya mafuta, ile asilimia ambayo kontroboksi inaongeza au kupunguza kwenye muda wa kufungua nozeli (vinavyopulizia petroli kwenye injini) baada ya kusikiliza sensa ya oksijeni. Hewa ikivujia kwenye manifoldi (njia inayoingiza hewa kwenye silinda) baada ya sensa ya hewa, asilimia huwa kubwa injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini na hushuka ukikanyaga, kwa sababu tundu ni lilelile lakini hewa halali imekuwa nyingi. Mafuta yakiwa haba mambo hugeuka: chini panaonekana pazuri, juu panaharibika. Hapa gari likiwa limesimama, injini kwenye mzunguko wa chini, marekebisho yalikuwa asilimia 4. Kwa mizunguko 2,500 bila mzigo yalifika 9. Tukipanda kilima, yakapita 25. Tundu la hewa nikalifuta kwenye karatasi.

Sensa ya hewa sikuifuta kwa namba hizo, kwa kuwa sensa chafu inayodanganya kwamba hewa ni kidogo inaweza kutoa picha inayofanana na hiyo. Ndiyo sababu geji ya presha ni lazima, na ndiyo sababu sipendi kubadili pampu kwa msimbo peke yake.

Kabla ya kufungua paipu, soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma inachomolewa na injini inaachwa izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Petroli yenye presha ya zaidi ya 300 kPa (kilopaskali, kipimo cha presha) ikikurukia usoni karibu na injini ya moto hutapata muda wa kujuta. Kazi ifanyike nje, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, usiwe ofisini. Geji inaunganishwa kwa kiungio cha T kati ya paipu inayotoka kwenye tenki na reli ya nozeli.

Toyota inataka 304 hadi 343 kPa kwenye injini hii, yaani psi 44 hadi 50. Mzunguko wa chini: 318. Tukakanyaga bila mzigo: 316. Tukazima: baada ya dakika 5 bado ilikuwa juu ya 200, wakati kiwango cha chini kinachokubalika ni 147. Kwa hiyo valvu ya pampu inashikilia, nozeli hazivuji, na rigyuleta (kidhibiti cha presha) inafanya kazi yake. Fundi mwenye haraka angefunga boneti hapa na kusema mafuta yako sawa. Nina hakika aliyetangulia kupima, kama alipima, aliishia hapa.

Presha ya gari lililosimama inasema machache sana. Kwenye mfumo huu rigyuleta iko ndani ya tenki pamoja na pampu na filta. Mafuta yanayozidi hurudi palepale tenkini na paipu moja tu ndiyo inayokuja mbele. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini hunywa karibu lita moja kwa saa, hata chini ya hapo. Pampu inaweza kuwa imebakiza sehemu ndogo ya uwezo wake na bado geji ikasimama mahali pake. Ni kama bomba la mtaani: likifungwa, hata maji ya mgao yanasukuma kwa nguvu, fungua uone.

Waliozoea Corolla za zamani, zile za 4A-FE na 5A-FE zenye rigyuleta juu ya reli, watauliza mpira wa vakyumu uko wapi wauchomoe waone geji ikipanda. Haupo. Pia hakuna paipu ya kurudi ya kubana kwa koleo ili uone pampu inaweza kusukuma mpaka wapi. Mbinu hizo mbili zilikuwa nzuri na mfumo mpya umezifuta. Kuna na jingine linalopoteza mafundi: kwenye Toyota nyingi za kizazi hiki ukifungua swichi bila kupiga stata, pampu haingurumi. Kontroboksi inasubiri ione injini inazunguka ndipo iishike rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya pampu. Nimeona pampu nzima zikihukumiwa kwa sababu "haisikiki swichi ikifunguliwa".

Kilichobaki ni kulipima gari likiwa linaumwa. Tuliweka mpira mrefu, geji tukaifunga kwa tepu nje ya kioo cha mbele chini ya waipa. Nje, narudia, geji yenye petroli haiingii ndani ya gari lenye watu. Tukapakia mifuko ya mchanga butini, tukashuka Ipogoro. Ile barabara ya kupanda kutoka Ipogoro kwenda mjini ni fupi kuliko Kitonga lakini inatosha kwa kazi hii, hasa ukiirudia injini ikiwa imeshapata moto.

Mara ya kwanza geji ilitoka 318 ikashuka 280. Mama alikuwa nyuma ya usukani, akasema bado halijaanza. Tukazunguka. Mara iliyofuata, tukiwa nyuma ya lori lililopakia mbao, akakanyaga mpaka mwisho kutaka kulipita na sindano ikaanza kulala: 260, 230, ikatulia 190. Gari likalegea vilevile alivyoeleza. Sensa ya oksijeni, ambayo ukikanyaga mpaka mwisho inapaswa kuonyesha volti 0.8 au 0.9 kwa sababu kontroboksi huongeza mafuta kwa makusudi, ilikuwa 0.1. Akaachia mguu, sindano ikanyanyuka.

Mafuta yanayopita kwenye nozeli hayapungui sawasawa na presha. Yanafuata kipeuo cha pili chake. Gawanya 190 kwa 320 utapata 0.59, na kipeuo chake cha pili ni 0.77. Yaani nozeli ikifunguliwa muda uleule inatoa asilimia 77 tu ya mafuta, na ili kufidia pengo hilo kontroboksi ingehitaji kuongeza karibu asilimia 30. Linganisha na ile 25 na ushee tuliyoiona kwenye mashine. Namba mbili kutoka vyombo viwili tofauti zinasimulia hadithi moja, na hapo ndipo nilipoiacha sensa ya hewa.

Sasa tuna presha inayoanguka mafuta yakihitajika kwa wingi, na pampu mpya. Wengi wangeenda kununua pampu ya tatu. Lakini mama ameshasema pampu mpya imelifanya gari kuwa baya zaidi, na pampu ni mota ya umeme tu. Kabla ya kuilaumu mota unaangalia inalishwa nini.

Nikapima ujazo kwanza, kwa kuwa hauhitaji mlima. Mafuta yanaelekezwa kwenye chombo chenye alama, pampu inazungushwa kwa mashine kwa sekunde 30. Gereji nyingi huchukulia nusu lita kama kiwango cha chini kwa gari dogo. Tulipata mililita 350. Kisha pampu hiyohiyo nikaipa umeme kwa nyaya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri: mililita 600. Pampu ileile, mafuta yaleyale, filta ileile. Tofauti ni njia ya umeme.

Fundi msaidizi wangu alikuwa ameshapima soketi ya pampu kwa taa ya kupimia na ikawaka vizuri. Hii ni sehemu inayodanganya watu kila siku. Taa ndogo ya wati 5 hunywa ampea isiyofika hata nusu. Kwenye waya wenye kiungo kibovu itawaka bila tatizo. Pampu inataka ampea 4, na kiungo hichohicho kinapotakiwa kupitisha ampea 4 kinakula volti. Ukichomoa soketi ukapima kwa mita utaona volti 12 na kitu, kwa sababu hakuna kinachonywewa. Soketi ibaki imechomekwa, pampu izunguke, sindano za mita ziingizwe kwa nyuma.

Injini ikiwa imewashwa: betrini 14.1, kwenye pampu 11.3. Volti 2.8 zimepotea njiani. Upande wa ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bati la gari) zilipotea 0.2 tu, kwa hiyo bati na skrubu yake hazina kosa. Kutoka betrini hadi mguu wa kutolea wa rilei ya pampu: 0.2. Zilizobaki, 2.4, zilikuwa kwenye waya kati ya rilei chini ya dashibodi na kiti cha nyuma, waya ambao kiwandani hauna kitu katikati. Zidisha 2.4 kwa ampea 4: wati karibu 10 za joto zinazochomwa mahali pamoja kwenye waya. Kiungo kikipata joto ukinzani huongezeka, volti nyingine zinapotea, joto linaongezeka tena. Tukarudi Ipogoro tukiwa na waya mrefu umeletwa mpaka mbele, na kwenye kupanda mita ikashuka polepole mpaka 9.2. Kwa volti hizo pampu haiwezi kusukuma mafuta mengi na kushikilia 320 kPa kwa pamoja. Na ndiyo maana mara ya kwanza, kiungo kikiwa bado baridi, gari "lilikuwa halijaanza".

Tulifungua plastiki ya kizingiti cha mlango wa dereva na kulifuata fungu la nyaya. Chini ya zulia, karibu na miguu ya dereva, tukakuta rilei nyeusi ndogo imefungwa tepu pamoja na nyaya za gari. Waya wa pampu ulikuwa umekatwa na kuungwa humo kwa waya mwembamba wa aina inayotumika kwenye spika, ncha zimesokotwa kwa vidole bila kuchomelewa kwa risasi. Tepu ilikuwa imeyeyuka na kuwa nyeusi, shaba imegeuka kijani upande mmoja. Ni alamu. Mama aliiweka gari lilipotoka bandarini, na kazi ya rilei hiyo ni kukata pampu gari likiibwa. Vifaa vya kufuatilia magari kwa setilaiti navyo mara nyingi hufungwa hivihivi. Wizi upo na simlaumu mtu kutaka kulinda mali yake, lakini waya wa pampu ndio waya wa mwisho ambao ningeukata kwa ajili hiyo.

Swali la kwa nini pampu mpya ilizidisha ugonjwa lilijibiwa na ile iliyokuwa kwenye gazeti. Nilizipima zote mbili kwa umeme wa betri, kila moja ndani ya kikapu chake na soksi mpya ya kuchujia. Ya zamani, Denso iliyokuja na gari, ilikunywa ampea 3.4 na kutoa mililita 780 kwa sekunde 30. Ya dukani ilikunywa 4.3 ikatoa 600. Inataka umeme zaidi na inatoa mafuta pungufu. Kwenye kiungo kibovu kilekile, ampea zikiongezeka na volti zinazopotea zinaongezeka. Pampu nzima ilitolewa ikawekwa hafifu, na umeme wake ukapungua zaidi.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi. Kipande chote cha waya kilichoungua kilikatwa, ukawekwa waya wa unene uleule wa kiwandani, viungo viwili vikachomelewa na kuvikwa mpira wa kubana kwa joto. Denso ikarudi tenkini na oringi mpya, maana ya zamani ikishabanwa mara moja haikai tena vizuri na harufu ya petroli itakutafuta ndani ya gari. Volti kwenye pampu injini ikiwaka: 13.6. Ipogoro na mifuko ya mchanga, tukirudia mpaka mama akachoka: sindano haikushuka chini ya 310. Marekebisho ya mafuta, baada ya kufutwa na kuachwa yajifunze upya, yalibaki kati ya asilimia 2 na 5 kuanzia chini hadi juu. Baadaye alishuka Ruaha Mbuyuni akapanda Kitonga na magunia yake, akapiga simu kutoka Ilula kusema amelipita basi.

Alamu aliitaka ibaki, na niliirudisha kwa namna nyingine. Rilei ya pampu ya gari ina nyaya za aina mbili: zinazobeba umeme wa pampu, na zinazoishika rilei kutoka kwenye kontroboksi. Kikatio cha alamu nilikihamishia kwenye waya wa kushika. Waya huo haupitishi hata robo ya ampea, kwa hiyo kiungo chake hakipati joto, na siku kikichoka rilei itakataa kushika, gari lizime au lisiwake kabisa palepale, badala ya pampu kunyimwa umeme kidogokidogo mlimani huku geji ikisoma vizuri gerejini.